Pengwini wa Swaumu na flashi iliyojaa bila kitu

Saa moja na nusu asubuhi. Mtaa wa nyuma ya soko la Nachingwea bado unanukia vumbi lililomwagiwa maji, na Swaumu Kaimu anaifunua kompyuta yake taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Anaikunja kanga aliyoifunikia, anaiweka juu ya kiti, anasema bismillahi, anabonyeza. Hakai. Anasimama wima mpaka mashine iwake yote. Kwenye kioo anatokea pengwini mdogo mnene, na Swaumu anamtikisia kichwa kumsalimu.

Ng'ambo ya barabara, Harithi Seleman ameshafungua duka lake. Ana kikombe cha chai mkononi na macho ya mtu anayesubiri.

"Dada Swaumu, ndege wako kaamka?"

"Kaamka, kanawa, yuko kazini. Yako imefika asilimia ngapi?"

Harithi anageukia kioo chake, ambako duara dogo la kujisasisha linazunguka bila haraka. "Thelathini na mbili," anasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya mgonjwa.

"Mungu aifanyie wepesi."

Hapo ndipo siku inapofunguliwa rasmi.

Kwa msomaji asiyeufahamu mtaa huu, ni vema aelezwe mapema kwamba wenyeji wake wamegawanyika. Wapo wa Windows, ambao ni wengi na hukaa upande wa Harithi. Wapo wa Linux, ule mfumo wa bure wenye alama ya pengwini, ambao ni Swaumu. Katikati yao kuna benchi la Shakila, muuza chai na vitumbua, na hapo ndipo hoja zote za dunia kuhusu kompyuta husikilizwa na kutolewa hukumu na watu ambao baadhi yao hawajawahi kuigusa.

Swaumu ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Chinongwe, wilayani Ruangwa, kwa wazazi wakulima wa korosho na ufuta. Alimaliza kidato cha nne, akaja Nachingwea kwa shangazi yake, akajifunza kuchapa katika duka la mtu kwa kuangalia vidole vya wenzake. Sasa ana steshenari yake. Anachapa barua, anatoa fotokopi kwa shilingi mia moja ukurasa, anapiga picha za pasipoti, anajazia watu maombi ya mtandaoni. Siku umeme ukikatika asubuhi, anarudi nyumbani na kanga yake tu.

Hakuzaliwa na pengwini. Miaka ya mwanzo alitumia Windows kama kila mtu, mpaka siku mteja mmoja alipochomeka flashi yenye kirusi. Picha za mahafali ya darasa la saba, za shule nzima, zikageuka vialama vyeupe visivyofunguka.

"Wazazi walikuja mmoja mmoja," anasimulia. "Hawakugomba. Wangegomba ningepona haraka. Waliniangalia tu, wakasema haya mwanangu, wakaenda."

Mwezi huohuo fundi aitwaye Twalha alikuja kutoka Masasi kumtengenezea printa. Aliona hali, akamwekea Linux. Swaumu alidhani ni mchezo wa watoto kwa sababu ya yule ndege. Wiki ya kwanza alitaka kuirudisha. Wiki ya pili akagundua kwamba mashine yake kuukuu, iliyokuwa ikihema kama mtu anayepanda mlima, sasa inakimbia.

"Tangu siku hiyo sijaugua kirusi," anasema, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliye mbele yake.

"Kwa sababu hata virusi havijui kama mashine hiyo ipo duniani," Harithi anajibu kutoka ng'ambo. "Mwizi gani atajisumbua na nyumba ambayo hakuna anayekaa?"

Benchi linacheka. Ikubaliwe kwamba hoja hiyo ina uzito. Ikubaliwe pia kwamba Harithi ana nyingine iliyo nzito zaidi, na huitoa kila anapozidiwa. Ni habari ya kadi za harusi ya binti aitwaye Raudha. Kadi iliandikwa kwenye programu ya Harithi, ikaletwa kwa Swaumu kuchapwa, na programu ya Swaumu, kwa sababu zake yenyewe, ikasogeza maandishi. Jina la bwana harusi lilihamia ukurasa wa pili, likakaa huko peke yake.

"Watu walikuja harusini wakidhani Raudha anajioa," Harithi husema.

"Walikuja, lakini," Swaumu hujibu. "Na walikula."

Shakila, akiombwa aamue, hugeuza kitumbua chake kwanza. "Mimi kitumbua changu hakijawahi kuniambia nisubiri kinajisasisha," husema. "Wala hakijahamisha bwana harusi. Leteni hela ya chai."

Swaumu naye alikuwa na silaha yake ya mwisho. Alipenda kuwaambia watu wa benchi kwamba kila wanachofungua kwa Harithi, mashine inawanong'oneza walioitengeneza huko ng'ambo ya bahari. "Ukipiga chafya mbele yake, huko wanakuombea afya." Ulikuwa utani. Yeye mwenyewe alijua ni utani. Lakini ulichekwa kila mara, na utani unaochekwa kila mara haupumzishwi.

Ulikuja kupumzishwa Juni mwaka jana, na habari yake ndiyo hii.

Kule Nambilanje anaishi Bibi Ashura, kungwi wa miaka mingi. Kwa maneno mengine, yeye ndiye huwaweka ndani wasichana waliofikia umri, akawafunda, akawatoa kwa ngoma. Ndiye mwenye nyimbo. Kungwi aliyemfunza alifariki, wenzake wa rika lake wamefariki, na mwaka juzi koo lake likaanza kumsaliti. Sauti ilipungua kama maji ya kisima kipindi cha kiangazi. Kwanza alishindwa za juu, kisha za katikati.

Mjukuu wake, Fauzia, aliyekuwa akisoma chuo cha ufundi, alipata wazo. Alimketisha bibi ndani, akafunga mlango, na jioni baada ya jioni akamrekodi kwa simu, wimbo baada ya wimbo, wanawake wenzao wakiitikia kwa sauti ya chini. Walimaliza zote. Wiki chache baadaye Bibi Ashura hakuweza tena kuimba hata mstari. Alibaki na mnong'ono.

Fauzia alihamishia nyimbo kwenye flashi kwa kutumia kompyuta ya chuoni. Kisha akafanya jambo ambalo mtaalamu yeyote angemkataza na mwanamke yeyote wa Nambilanje angempongeza. Alizifuta zote kwenye simu.

"Simu ile nyumbani inashikwa na kila mtu," anaeleza. "Kaka zangu wanaazima, baba anaazima. Nyimbo za unyago zisikike na mwanaume? Bora simu itumbukie chooni."

Kwa hiyo zilibaki kwenye flashi moja, ndogo kuliko kidole gumba, iliyofungwa kwenye upindo wa kanga ya bibi.

Siku waliyokuja Nachingwea kutafuta nakala ya pili, walimtaka Swaumu, kwa kuwa ni mwanamke na ametoka Ruangwa kama wao. Duka lilikuwa limefungwa. Mwenyewe alikuwa Chinongwe akimsaidia mama yake kukung'uta ufuta, anatarajiwa mchana. Bibi Ashura akasema wasubiri. Fauzia akaogopa kukosa gari la kurudi. Akavuka barabara.

"Kaka, nakili tu kutoka hii kwenda hii," akamwambia Harithi, akampa flashi mbili. "Usifungue kitu."

Harithi akachomeka. Mashine ikapiga kelele nyekundu kwamba kuna kirusi, kikaondolewa. Ndani ya flashi hapakuonekana chochote isipokuwa kialama kimoja cha njia ya mkato, ile iitwayo shortcut, na hicho kilikuwa kimekufa.

"Hamna kitu humu," Harithi akasema.

"Zimo."

"Mdogo wangu, angalia mwenyewe. Hamna. Niifomati, niifute yote, nikupe safi?"

Mshale wa Harithi ulikuwa umeshafika pale pa kubonyezea. Wateja wamezoea, flashi ikichafuka husafishwa. Lakini kuna kitu kilimfanya asibonyeze, na mtu wa haki lazima akiandike upande wake. Alitupa jicho kwenye kile kimstari kinachoonyesha nafasi iliyotumika. Kimstari kilikuwa kimejaa karibu chote.

Akaondoa mkono kwenye kipanya kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Haina kitu," alisema polepole, "lakini imejaa."

Miaka yote ya kazi, anasema, hajawahi kuogopa kitu kidogo kiasi kile. Aliichomoa, akamrudishia Fauzia mkononi kwa mikono miwili. "Msubirini Swaumu," akasema. Maneno hayo, kwa mujibu wa Shakila, hayakuwa yamewahi kutoka kinywani mwake.

Wakasubiri kwenye benchi. Fauzia alilia bila sauti. Bibi Ashura hakulia. Alikaa ameshika upindo wa kanga usio na kitu ndani. Shakila alimpa chai, akaishika mpaka ikapoa.

Swaumu aliteremka kwenye bodaboda saa nane mchana, ana punje za ufuta kwenye nywele. Alielezwa na watu watano kwa pamoja. Akafungua duka, akafunua mashine, akasema bismillahi yake. Mtaa mzima ulikuwa mlangoni, maana hatimaye lile shauri la miaka lilikuwa linakwenda kuamuliwa kwa ushahidi. Wa Windows walikuja kuona ndege akishindwa. Harithi alikuja pia, akasimama nyuma kabisa.

Swaumu alichomeka flashi. Folda moja ikatokea. Haikuwa na jina. Hata herufi moja haikuwa nayo, ni pengo tu chini ya kipicha cha manjano.

Akaifungua.

Zikashuka kwenye kioo, safu kwa safu, kila moja na tarehe yake, hadi kioo hakikutosha. Zilikuwepo muda wote. Kile kirusi hakikula hata moja. Kilizisukuma zote kwenye chumba kisicho na jina na kufunga mlango kwa nje. Pengwini, ambaye milango ya namna hiyo haimhusu, aliingia kama mtu anayeingia kwao.

Swaumu mwenyewe, ambaye kwa siku za kawaida angeshavuka barabara kwenda kucheza mbele ya duka la Harithi, alikaa ameweka kiganja kinywani.

"Nilikuwa na maneno tayari," anakumbuka. "Nimeyatunza miaka. Yakanipotea yote."

Bibi Ashura alinong'ona kitu kwa Kimwera. Fauzia akatafsiri: "Anasema, utajuaje kama ndizo?"

Ni kweli. Jina la faili si wimbo. Ili kujua kama ni nzima ilibidi zisikilizwe, na mlangoni palikuwa na wanaume wapatao kumi na watano, na spika za Swaumu ni zile kubwa za zamani ambazo kitufe chake cha sauti kilivunjika zikiwa juu. Bila hizo mashine ile haisemi.

"Wanaume, tokeni," Swaumu akasema.

Wakasogea hatua mbili, kwa adabu, kama watu wanaotoka bila kutoka.

Hapo ndipo Harithi alipoonyesha kipaji ambacho hakimo kwenye kompyuta yoyote. Aliwakusanya kama mbuzi. "Haya, haya, mbele, wewe na ndevu zako, mbele." Akawafukuza mpaka upande wake wa barabara. Akaingia dukani, akatoa spika yake ya matangazo ya biashara, akaielekeza barabarani, akafungulia kaswida hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Kisha akasimama katikati ya barabara, mgongo kwa duka la Swaumu, mikono imepanuliwa, akizuia hadi mwenye baiskeli.

Ndani, mlango ulifungwa. Swaumu, Fauzia, Shakila na Bibi Ashura.

Kilichosikika humo gazeti hili halikijui na halitakijua. Swaumu husimulia sehemu moja tu, ile isiyo siri. Anasema ilitoka sauti ya mwanamke mwenye nguvu, sauti ya mtu anayeita watu kutoka bonde hadi bonde, na mwenye sauti hiyo alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha wateja, mdogo, ameinamia mbele. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno. Haikutoka hata hewa.

"Nimechapa misiba ya watu, nimechapa harusi zao," anasema Swaumu. "Kila siku nashika mashine hii. Siku ile niliiogopa. Nilitaka kuivulia viatu."

Walisikiliza kidogo kidogo ya kila moja. Zote zilikuwa nzima. Nakala ikatoka. Mlango ukafunguliwa, kaswida ikazimwa, na masikio ya Nachingwea yakapumzika.

Lakini Bibi Ashura hakuinuka. Wakati wa kusubiri pale kwenye benchi alikuwa amesikia mengi, na mojawapo, lililosemwa na kijana mmoja kwa kujifurahisha, lilikuwa ule utani wa Swaumu. Akamwita Harithi aingie. Akaongea na Swaumu, kwa Kiswahili safari hii, mnong'ono wa kukwaruza.

"Mwanangu. Wanasema wewe unasemaga, mashine ya huyu inawapelekea wenyewe kila kitu. Basi na nyimbo za wari wamezisikia?"

Harithi alimtazama Swaumu. Ieleweke vizuri mzani ulivyokaa. Ingetosha Swaumu kukohoa na kuangalia pembeni. Maneno yangefika Nambilanje kabla ya magharibi, na kesho yake Chinongwe na Kilimarondo, kwamba kwa Harithi siri za unyago zimevuja. Hakuna mwanamke ambaye angekanyaga tena duka lile. Shauri la miaka lingekwisha kabisa, na mshindi angekuwa amekaa kwenye kiti chake bila kunyanyuka.

"Hapana, bibi," Swaumu akasema. "Ule ni utani wangu. Mashine yake haikuziona kabisa. Iliona kirusi, ikakitoa. Nyimbo zilikuwa zimefichwa hata kwake. Na yeye aliona flashi imejaa, akaikataa. Angeisafisha, mimi leo ningefungua flashi safi."

Bibi Ashura alimgeukia Harithi. "Hukusikia?"

"Bibi, wallahi sikusikia. Hata sasa hivi. Mpaka kesho nitakuwa nasikia kaswida tu."

Yule mzee akatikisika mabega. Ilichukua muda watu kuelewa kwamba anacheka.

Kisha akatoa uamuzi wake, ambao benchi lilikuwa likiusubiri tangu benchi lilipochongwa. "Ya huyu inaficha vya watu bila kuulizwa," alisema, akimwonyesha Harithi. "Yako inafunua vya watu bila kuulizwa. Zote hazina adabu."

Harithi aliwahi kukata rufaa. Alieleza baadaye, na anaendelea kueleza, kwamba hata kwenye Windows ukiruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, yanaonekana; ni yeye tu hakukumbuka siku ile. Swaumu anakiri kwamba ni kweli. Anaongeza kwamba ukumbusho huo umechelewa.

Leo, saa mbili asubuhi, duara la Harithi limefika asilimia sitini, na kwenye meza ya Swaumu, pembeni ya ile mashine kuukuu, kuna laptop nyeusi iliyovunjika kona moja. Ilikuwa ya Harithi. Aliileta mwenyewe bila kuitisha chochote, imefungwa kwenye gazeti, akasema imemjazia nafasi tu dukani. Kibandiko cha Windows bado kiko pale chini ya vitufe. Swaumu amekiacha.

Laptop hiyo haitaingia mtandaoni maisha yake yote. Swaumu ameifungua, akakitoa kile kipande kinachoshika intaneti, akakifunga kwenye kitambaa na kukiweka kwenye droo. Kamera ameifunika kwa utepe. Ndani ameweka Linux, lakini Fauzia aliyezoea ile ya chuoni alilalamika kwamba vitu haviko mahali pake, kwa hiyo Swaumu amekaa jioni kadhaa akiipanga sura ifanane na Windows, kitufe kwa kitufe, akihema kama anayemeza dawa.

"Ni ya Fauzia, si yangu," anasema. "Mtu anakaa nyumbani kwake anavyopenda."

Mpango wenyewe ni huu. Desemba shule zikifungwa, wari wa Nambilanje wataingia ndani. Swaumu atapanda gari na laptop mapajani, nyimbo zote zikiwa ndani yake. Itakaa kwenye nyumba ya Bibi Ashura, kwenye sanduku, na sauti ya bibi itafunda wasichana ambao hawakuwahi kumsikia akiimba. Akipata nguvu, Swaumu anataka ya pili kwa ajili ya Chinongwe kwao, ambako aliyemfunda yeye bado yu hai na bado ana sauti. "Huyo nataka nimuwahi," anasema.

Limebaki jambo la nywila, lile neno la siri la kuifungulia. Ilichaguliwa na Bibi Ashura mwenyewe. Ni neno ambalo mwanamke aliyetoka ndani ya unyago wa Ruangwa analijua, na ambaye hakutoka huko halijui, na halijaandikwa popote. Swaumu anaijaribu asubuhi hii. Anageuza laptop ielekee ukutani, anajifunika mabega kwa kanga pamoja na vitufe, anachapa. Inafunguka.

Harithi amevuka barabara, kikombe mkononi. Anasimama nje ya kizingiti, mahali anaposimama siku hizi laptop hiyo ikiwa mezani.

"Ina herufi ngapi?"

"Rudi dukani kwako."

Harithi anakunywa chai. Anatafakari. "Lakini nywila hiyo, dada, hata Windows ingelinda vizuri tu."

Benchi la Shakila linatega sikio. Swaumu anafunga laptop, anaifunika kwa kanga, anaipigapiga mara moja kama mtu anayelaza mtoto.

"Ingelinda," anasema.

Shakila anageuza kitumbua. Ng'ambo, bila mtu kuiangalia, mashine ya Harithi inafika asilimia mia, inawaka.